Pijo Mbili za Mashemeji

Waliosema mdomo huponza kichwa walikuwa hawajamwona Magloire. Erupe, tajiri wa Lodwar, alituma neno kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma: anatafuta gari kuukuu la Kifaransa kwa hoteli yake mpya kule Nawoitorong, na atakayemletea la kumridhisha atapata kazi na kibali cha kuishi nje ya kambi. Magloire akajiona ameshahama. Tangu atoke Kongo hakumwomba Mungu jambo lingine.

Alikuwa na Pijo 404 ya mwaka sitini na nne, yenye mapezi nyuma na nikeli ya kujitazamia. Mshindani wake hakuwa mwingine ila Barnabé, kaka wa mkewe, na 504 yake ndefu ya miaka ya themanini. Hiyo ilikuwa imechakaa kwelikweli: mlango mmoja mweupe, mwingine kijani, ndani inanuka mbuzi.

Asubuhi ya safari 404 iligoma kuwaka. Barnabé, maskini wa Mungu, akaisafisha kabureta, akaisukuma mpaka ikanguruma, kisha akaendesha nyuma yake hadi Lodwar, asije shemeji yake akakwama peke yake njiani.

Kwa watu wa kwao, shemeji hadharauliwi mbele ya wageni, hata awe mwizi. Magloire aliijua desturi hiyo vizuri, akaikanyaga.

"Ejok," Erupe aliwaamkia uani kwake. "Haya, hizi mbili ziko na tofauti gani?"

"Patron, ya huyu semeki, shemeji yangu, iko punda!" Magloire akadakia. "Inabeba mbuzi, inabeba makaa, haina haya hata kidogo. Yangu iko bibi-arusi. Angalia nikeli, angalia mapezi! Hii haiko ya kuteseka kwa barabara. Hii iko ya kuangaliwa."

"Na wewe?" Erupe akamgeukia Barnabé.

"Yangu inatembea, patron."

Magloire akacheka mpaka akashika mbavu. Barnabé alitazama chini, na aibu aliyoiona ilikuwa ya wote wawili.

Erupe alilipapasa pezi la 404. "Nimependa hii. Unanipa?"

"Kwa mikono miwili, patron!" Akamkabidhi ufunguo.

"Sawa. Injini itoke, na paa ikatwe. Tutafanya kaunta ya baa, wageni waangalie vizuri." Kisha akamwita Barnabé. "Wewe utaniletea wageni kutoka uwanja wa ndege na hiyo punda. Nilitaka gari moja, lakini ya kutembea pia nahitaji."

"Na mimi, patron?" Magloire akauliza. "Si niko dereva?"

"Dereva ya nini? Wewe ni wa baa. Kibali utapata, mimi si mwongo. Lakini kazi inaanza leo." Akamwekea mikononi mashine ya kukatia chuma.

Barnabé alisogea. "Patron, uniachie mimi nikate. Yeye hataweza."

"Kazi ni ya nani?" Erupe aliuliza, akakaa kwenye kiti kutazama.

Magloire angeweza kukataa. Lakini kukataa ni kurudi Kakuma, na hilo alilichukia kuliko alivyolipenda gari. Alilia waziwazi, kamasi zikimtoka, huku shemeji yake amelishika paa lisitikisike. Akawasha mashine, akaanzia juu ya kioo cha mbele.