Aliyemfua Marehemu

Osward alikuwa amepiga picha Ifakara kwa miaka thelathini na moja, na kwa ishirini ya mwanzo hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Komunyo ya kwanza, ndoa, vitambulisho, hata marehemu kabla ya jeneza kufungwa, wote walipita mbele ya kamera yake. Kisha simu zikaja, kila mwenye kidole akawa mpiga picha, na yeye akabaki na picha za paspoti na benchi refu la wateja wasiokuja. Kwa hiyo aliposikia kuna semina ya siku tatu ya kuchapa picha kwa njia za zamani, kwa jua na maji, alikwenda. Tuseme ukweli, alikwenda ili aone watakosea wapi.

Mwalimu alikuwa Omega, binti wa miaka ishirini na saba aliyezaliwa mtaa wa nyuma ya stendi, akaenda kusomea mambo hayo Dar es Salaam, akarudi na brashi, vioo na chupa mbili za dawa. Osward ndiye aliyempiga picha ya komunyo, wakati huo hana meno mawili ya mbele. Sasa alisimama mbele ya watu kumi na wawili katika ukumbi wa kukodi, akasema, "Shikamoo baba, karibu ukae mbele." Osward akaitikia marahaba, akakaa nyuma.

Siku ya kwanza walichapa kwenye majani ya magimbi. Unalaza picha ya plastiki angavu juu ya jani, unabana kwa kioo, unaacha jua la Kilombero lifanye kazi yake. Osward aliona ni michezo ya watoto, na uso wake haukuficha.

Siku ya pili ndiyo iliyomvunja. Omega aliziba madirisha kwa mablanketi, akachanganya zile dawa mbili, akawaonyesha namna ya kuupaka mchanganyiko kwenye kitambaa cheupe cha pamba na kuukausha gizani. Juu ya kitambaa wakaweka plastiki yenye sura iliyogeuzwa, nyeusi ikiwa nyeupe na nyeupe nyeusi, wakabana kwa kioo, wakatoa juani. Baada ya robo saa kitambaa kilikuwa na rangi ya jivu, hakina mvuto wowote. Wakakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Buluu ikapanda polepole, na ndani yake macho, pua, mdomo wa mtu. Osward aliinama juu ya ndoo. Hakuwa ameona sura ikitoka majini tangu enzi za kusafisha picha mwenyewe kwenye chumba chake cha giza, na alikuwa amesahau kwamba aliipenda kazi hii kabla haijawa biashara. Alikuwa na maswali mia ya kumwuliza yule binti. Hakuuliza hata moja.

Asubuhi ya siku ya tatu Omega aligawa vipande vya kitambaa vya buluu vilivyobaki jana, akaweka beseni la povu la sabuni katikati. "Tumbukizeni," alisema. Buluu ikageuka njano, njano ikapauka, mpaka mwishoni hukuweza kujua kama paliwahi kuwa na kitu. "Sasa mmeona wenyewe. Andikeni: maji matupu, anika kivulini. Sabuni marufuku."

Osward aliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini, tena miwili. Hili lijulikane mapema, kwa sababu baadaye alijaribu sana kujiambia kwamba hakulisikia vizuri.

Saa tano Omega aliinua kitambaa cha Osward, watu wote wakione. "Hapa baba umepaka kama anayepaka chokaa ukutani. Michirizi hii yote ni ya brashi. Rudia taratibu." Vijana wakacheka, bila ubaya, kama vijana wanavyocheka. Osward akasema ana wateja wanamsubiri. Hakuwa na mteja hata mmoja. Akaondoka, na somo la mchana likafundishwa yeye akiwa amekaa kwenye benchi lake, amenuna.

Wiki mbili baadaye Ritha akaja kutoka kijiji cha Michenga. Mumewe Agapiti, mwalimu wa kwaya, alikuwa anakaribia kutimiza mwaka tangu afariki, na misa ya kumbukumbu ilikuwa imepangwa. Picha pekee ya marehemu ilikuwa ya paspoti, aliyopigwa na Osward. Ritha aliuliza kama inaweza kukuzwa kidogo. Osward akamwambia atamfanyia kitu ambacho bonde zima halijakiona.

Na alikifanya. Hapa tumpe haki yake. Aliagiza dawa kwa Omega kwa ujumbe wa simu, akarudia kazi mara nne mpaka michirizi ikaisha, na kitambaa kilichotoka mara ya nne, chenye ukubwa wa nusu shuka, kilimwonyesha Agapiti akikutazama kama anayetaka kukupa noti ya kuanzia wimbo. Alikipeleka Michenga mwenyewe kwa bodaboda. Bibi Agnella, mama wa marehemu, aligusa shavu la mwanawe, akaligusa tena. Nazari, kaka mkubwa wa marehemu, mtu asiyesifu hata mvua, alisema hiyo ndiyo kazi. Majirani walijaa mlangoni, na mmoja akauliza nani kamfundisha. "Hii ni ya kichwani kwangu," alisema Osward, na Omega akafutika hapo hapo.

Ndipo Ritha akauliza, mbele ya wote, swali ambalo kila mwenye akili angeuliza: "Sasa mzee, kikichafuka nakifuaje? Maana vumbi la pumba hapa kwetu unalijua."

Jibu lilikuwa mdomoni. Maneno mawili tu, yale yenye mistari miwili chini. Lakini kusema kwamba kazi hii, iliyotoka kusifiwa na Nazari, inaogopa kipande cha sabuni kama mtoto anavyoogopa sindano? Osward akacheka. "Fua kama unavyofua shuka. Kazi ya Osward haichuji."

Zilipobaki siku tano kufika misa, Ritha alitokea studio na mfuko wa plastiki mkono mmoja na jogoo mkono wa pili. Alisalimia, akapiga magoti hapo hapo kwenye saruji.

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee. Nimekuharibia kazi yako."

Ndani ya mfuko kitambaa kilikuwa cheupe, chenye kivuli cha njano pale palipokuwa uso. Jana yake alikuwa amekiloweka kwenye sabuni ya unga tangu alfajiri, akakisuuza maji matatu, ili Agapiti aende kanisani akiwa safi. "Labda nilifikicha sana," alisema.

Osward alikishika kile kitambaa, akakigeuza upande wa pili. Huo ulikuwa wasaa wa kusema. Walikuwa wawili tu mle ndani, yeye na mjane, hakuna Nazari wala majirani. Akasema, "Basi mama, usilie. Hutokea, mtu akifikicha sana."

Ritha akafuta uso kwa kanga, akamweleza mengine bila kuulizwa. Shemeji yake amesema alifanya makusudi. Mama mkwe hali chakula alichopika yeye. Bombani wanawake wamempa jina, aliyemfua marehemu, na wanasema amemfuta wa kwanza ili ampishe wa pili. Misa ikiisha, Nazari ameamua, arudi kwao Mofu, na watoto wabaki. "Mimi sijui nitawaambia nini," alisema. "Mikono ni yangu, sabuni nilinunua mwenyewe."

Aliacha kitambaa, akaacha na jogoo. Osward alimfunga jogoo kwenye mguu wa benchi. Siku nzima mtu na ndege walitazamana, na wa kwanza kugeuza macho hakuwa jogoo. Aliona aibu ambayo hakuwa ameiona tangu utotoni, ile ya kutamani mwili wako wote uwe wa mtu mwingine. Alifungua daftari akitumaini hakuandika. Alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Omega, aliyekuwa uani kwao akiosha vioo. Kwa mara ya kwanza alimwita mwalimu. Akatandika kile kitambaa kwenye meza, akauliza kama kuna namna.

Omega alikinusa. "Sabuni," alisema. "Aliyefua hakuambiwa?"

"Hakuambiwa."

"Na nani?"

Osward aliangalia ndoo, akaangalia vioo, akaangalia kuku wa watu wakipita. "Na mimi. Aliniuliza, nikamwambia afue kama shuka. Nilikuwa najua."

Angependa binti acheke, kama vijana walivyocheka ile siku. Omega hakucheka. Alileta kipande cha buluu, akakipausha kwa povu mpaka kikawa cheupe, kisha akachemsha majani ya chai, mengi, mpaka maji yakawa meusi. "Buluu imeondoka, lakini chuma kilichokuwa kwenye dawa bado kimo ndani ya nyuzi. Huu ukakasi wa chai unakishika. Nilifundisha mchana wa siku ya tatu." Hakuongeza kwamba Osward alikuwa ameondoka. Akatumbukiza kipande, na baada ya dakika kadhaa alama zikarudi, za kahawia iliyokolea. Akamfanya Osward arudie mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili akamsahihisha mkono. Osward akafuata kila alichoambiwa.

Alipokuwa anakunja kitambaa kuondoka, Omega alisema, "Sura itarudi, baba. Na watakushangilia sana." Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

Ijumaa alikwenda Michenga na kilo ya majani ya chai, na jogoo akiwa kwapani. Aliomba sufuria kubwa na beseni. Familia ikakusanyika sebuleni: bibi Agnella kwenye mkeka, Nazari mlangoni amekunja mikono, mke wa Nazari, na Ritha karibu na ukuta, mahali anapokaa mtu aliyezoea kusogezwa. Osward alimimina chai, akaiacha ipoe, akazamisha kitambaa, akakigeuza taratibu kama alivyofundishwa. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha nyusi. Kisha macho ya Agapiti, na kola ya shati, na ule mdomo wa kutoa noti.

Bibi Agnella alisogea kwa magoti mpaka kwenye beseni. "Mbona sasa ndiyo rangi yake," alisema. "Ile ya kwanza ilimfanya kama mgonjwa." Mke wa Nazari akapiga vigelegele. Nazari mwenyewe akakunjua mikono. "Huyu mzee ni fundi," alisema. "Mwanamke kafuta, yeye karudisha."

Na Ritha akapiga magoti tena. "Asante mzee. Na unisamehe tena, mbele ya wote hawa."

Hapo ndipo Osward alipoona wazi nafasi iliyowekwa mbele yake. Angeweza kuinua kitambaa, akanywa uji, akapanda bodaboda, akawa fundi mpaka kufa. Ritha angebaki aliyefuta, aliyesamehewa kwa huruma ya watu, na mtu aliyesamehewa kwa huruma hufukuzwa siku yoyote. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya chai.

"Hakufuta yeye," alisema. "Aliniuliza afueje, nyote mlikuwapo. Nikamwambia kama shuka. Mwalimu wangu alikuwa amenikataza sabuni, na nilikuwa nimeandika. Nilificha kwa kutaka sifa. Hata kuchapa huku nilifundishwa na Omega, na hii chai pia."

Bibi Agnella alifunga macho. Siku nne alikuwa amekataa ugali wa mkwewe, na sasa hakujua uso auweke wapi. Nazari aliangalia vidole vyake vya miguu kana kwamba amevikuta pale leo.

Ritha alisimama. Alijipangusa vumbi magotini, goti moja, kisha la pili.

"Nilikuja kwako na magoti haya," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia nilifikicha sana."

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Humu ndani tuko watano. Mimi sikusemwa humu ndani tu. Nimesemwa bombani, nimesemwa mashineni watu wakikoboa mpunga, nimesemwa kwenye jumuiya ya sala. Huko nani atasema?"

Osward aligeuka kumtafuta mtu wa kusema inatosha, mzee ameshajishusha. Bibi Agnella alikuwa amegeukia beseni. Nazari, ambaye kwa kawaida ana neno kwa kila jambo, aliingia chumbani kutafuta mkeka.

Wakampa mkeka alale. Jumamosi kulipopambazuka alikuwa bombani. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake kama ishirini, ndoo zimepangwa, soga zimepamba moto. Ritha alikuwa wa saba, ameshika ndoo yake, anangoja zamu kama wengine. Hakumsogelea. Osward alisalimia, wakaitikia, wakaendelea na soga zao, maana mzee wa mjini akisimama bombani huenda amepotea njia.

"Mimi ndiye niliyeifuta sura ya Agapiti," alianza. "Ritha aliniuliza namna ya kufua, nikamdanganya. Kisha nikamwacha abebe."

Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayeungama akitumaini padri amesinzia. Mama aliyekuwa akipampu aliacha mkono wa bomba, maji yakakoma, na soga zikakoma nazo.

"Huku nyuma hatujasikia, baba," alisema mmoja, kwa heshima kabisa. "Sema tena."

Ritha hakuinua macho kutoka kwenye ndoo yake. Osward akavuta pumzi, akasogea katikati ya foleni ili wa mbele na wa nyuma wote wamwone, akasema tena.