Mausi ya Vidole Vitatu

Dada wa duka la kompyuta aliniuliza kama kidole kinaniuma, nikasema ndiyo. Hakikuwa kinaniuma. Nilikuwa nimekunja vidole viwili vya mkono wa kulia, cha pete na kile kidogo cha mwisho, nimevibana kwenye kiganja, na kwa vile vitatu vilivyobaki nasukuma mausi moja baada ya nyingine juu ya meza yake ya kioo. Nilikuwa pale tangu nitoke shule. Mtu mwingine angeeleza tu shida yake akahudumiwa. Mimi nikiulizwa kitu na mtu nisiyemjua, jibu la kwanza linalonitoka ndilo hilo hilo nalishikilia, hata kama ni la uongo.

"Pole," akasema. Alikuwa anatafuna jojo taratibu. "Sasa mdogo wangu, si ungesubiri kidole kipone ndiyo uje kujaribu?"

"Hakitapona leo."

"Na kesho je?"

"Hata kesho."

Akaniangalia, akaendelea kutafuna. "Haya. Jaribu na ile ya pembeni."

Vidole vyenyewe ni vya baba. Yaani baba ndiye hana. Ni seremala, anatengeneza makabati ya jikoni, na miezi mitano iliyopita msumeno wa meza ulimchukua hivyo viwili. Alirudi karakana mapema kuliko alivyoambiwa na daktari. Mama akachukua glavu yake ya kazi, akakata vidole viwili na kuziba matundu kwa uzi mweusi ili visiwe vinaning'inia. Kazini baba anavaa hiyo glavu. Akitoka kazini, mkono unaingia mfukoni na hautoki. Anafungua mlango kwa kushoto. Anapokea simu kwa kushoto. Wageni wakija anasalimia kwa kichwa, kama mtu mwenye maringo, na baba yangu hana maringo hata kidogo.

Kompyuta yetu aliinunua kwa ajili ya kuchora makabati. Mchana ilikuwa ya kazi, jioni ilikuwa yetu, ya gemu la vifaru. Tulikuwa tunacheza watu wawili kwenye kifaru kimoja. Mimi nakaa kushoto na kibodi, naendesha. Yeye anakaa kulia na mausi, anageuza mzinga na kupiga. Kaka yangu alikuwa akipita anasema, "Waangalie, kama watu wamebeba friji kwenye ngazi." Lakini tulikuwa tunashinda. Na kwenye lile gemu mimi nilikuwa naongea. Nilikuwa nasema kushoto baba, kuna mmoja nyuma ya ukuta, ngoja, ngoja, mpe sasa. Mama alikuwa akiuliza kutoka chumbani, "Jamani, huyo anayefoka ni nani humu ndani?" na anajua kabisa ni mimi.

Baada ya ajali alikaa kwenye kile kiti mara moja tu. Mausi ikamponyoka, mzinga ukaangalia mbinguni, tukapigwa kabla hata sijageuza gari. Akasema macho yake yamechoka. Macho ya baba hayajawahi kuchoka, anaona ubao uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Siku hizo makabati alikuwa anayachora kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto, na mistari inatoka kama imechorwa ndani ya lori. Jioni ikifika anakaa nje kwenye ngazi, peke yake. Kaka akaomba achukue nafasi yake kwenye mausi. Nikamkubalia siku moja. Anapiga kila kitu, mpaka miti.

Ndiyo maana nilikuwa dukani. Nilitaka baba arudi kwenye kiti chake, basi.

"Watu wanashika mausi kwa namna zao," dada wa duka akanieleza. "Kuna wanaolaza kiganja chote. Kuna wanaosimamisha vidole kama kuku anaparua. Kuna wanaogusa kwa ncha tu. Gemu gani?"

"Vifaru."

"Anacheza nani?"

"Mimi." Uongo wa pili.

Mwishoni zikabaki mbili. Moja ilikuwa nzito, pana, mgongo umepanda juu, na ubavuni ina kama rafu ndogo ya kulaza dole gumba. Nyingine ilikuwa nyepesi mno, imetobolewa matundu mgongoni kama chujio la chai.

"Hii nzito ni ya starehe," akasema. "Utakaa nayo saa nne mkono haujui. Hii nyingine ni ya mwendo. Unawaza tu, yenyewe imeshafika. Ukicheza na watu wenye nyepesi wewe una nzito, watakumeza mchana kweupe."

Nikaisukuma ile nyepesi kwa vidole vyangu vitatu. Ilikwenda vizuri. Nikaigeuza, nikaibonyeza, nikainyanyua na kuirudisha. Vizuri kabisa. Baba anapenda kushinda, nikajua ni hii. Dada akaniambia nina siku tatu za kuirudisha, mradi boksi lisichanike.

Nyumbani nikaichomeka, ile ya zamani nikaificha kabatini. Baba aliporudi nikamwambia mausi ya zamani imekufa, nimenunua nyingine kwa hela niliyokuwa najiwekea, aje aone kama inafanya kazi. Tulikuwa wawili tu sebuleni. Akasita, akakaa. Akautoa mkono mfukoni akauweka juu ya mausi, nami nikajifanya nahangaika na waya wa kibodi.

Ilimtoka kama sabuni ya kuogea. Kila akiipeleka kushoto inafuata, akiirudisha kulia inampita na kwenda zake mpaka ukingoni mwa meza. Akajaribu kuinyanyua, ikadondoka. Akaishika tena, polepole, kama anashika kifaranga. Ikadondoka.

"Mausi nzuri," akasema. "Ina mbio. Ichezee wewe, au mpe kaka yako."

Alisema kwa adabu, kama anavyomshukuru mteja aliyemkatalia bei. Bora angekasirika.

Alikuwa anataka kuinuka. Mimi nikawa naangalia ile mausi, na mkono wangu, na nikakunja tena vidole viwili nikaiweka mausi chini yake, na hapo nikaona. Vidole nilivyokunja havikuwa vimeondoka. Vilikuwa pale pale, vifundo vyake vinagusa ubavu wa kulia wa mausi, vinaizuia isikimbie. Nikiinyanyua, ndivyo vinavyoibana. Alasiri nzima nilikuwa najaribu kwa vidole vitano huku nikidhani ni vitatu.

"Nilikunja," nikasema.

"Ulikunja nini?"

"Vidole. Dukani. Nilikuwa nakunja viwili ili nijue kwako itakuwaje. Kumbe vilikuwa vinashika."

Baba akakaa tena. "Ulikunja muda gani?"

"Tangu nitoke shule."

"Na mwenye duka hakukuuliza kitu?"

"Aliuliza kama kinaniuma. Nikasema ndiyo."

Nilisikia mama anaendesha cherehani chumbani, ikasimama, ikaendelea.

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

Nikasema, "Nilidhani hutaki watu wajue."

Baba akaurudisha mkono mfukoni, halafu akautoa, akaulaza pajani kama hajui auweke wapi. "Kwa hiyo umekuwa unanidanganyia watu," akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa kama anayehesabu jambo. "Boksi limechanika?"

"Hapana."

"Basi kesho twende."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Dada wa duka alinitambua kabla hatujafika kwenye meza. "Mgonjwa wangu wa kidole," akasema. "Kimepona?"

Baba akaniangalia, mimi nikaangalia sakafu.

"Shikamoo, mzee. Tunarudisha au tunabadilisha?"

"Marahaba. Tunabadilisha. Ni ya kwangu mimi," baba akasema, na mkono uko mfukoni.

"Ahaa. Basi lete mkono tupime."

Baba akaleta wa kushoto. Dada akaukagua, akainama chini ya meza akatoa mausi mbili za watu wa shoto, akasema ana bahati, kwa kawaida hawana. Baba akajaribu. Mshale ukawa unatembea kwenye kioo cha kompyuta kama mlevi anatafuta mlango wake. Akajaribu tena. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo, na nilijua kabisa anachofikiria: bora kujifunza kushoto maisha yote kuliko kuutoa ule mwingine hapa mbele ya mtu. Nyuma yetu kulikuwa na mteja mmoja amesimama na chaja yake, anasubiri.

"Mzee," dada akasema, "wewe si wa shoto."

Baba akaendelea kuisukuma ile mausi.

Nilitaka aseme yeye. Nilisubiri. Hakuna aliyekuwa ananiuliza mimi, kwa hiyo ningeweza tu kunyamaza kama siku zote.

"Hana vidole viwili," nikasema. "Mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nadanganya, mimi siumwi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Yule wa chaja aligeuka. Baba alikuwa ameinamisha uso. Halafu akautoa mkono, akaulaza juu ya kioo, chini ya taa ya duka, kiganja chini.

Dada wa duka akaacha kutafuna. Akainama akauangalia kwa karibu, ubavuni, kwa juu, vile baba anavyoangalia mbao kabla hajaikata.

"Sasa hili ndilo lingesemwa jana," akasema. "Nimempa mtoto mausi ya kukimbilia, nikidhani ana jipu." Akasukuma mausi zote za mezani pembeni kwa mkono mmoja. "Panauma ukipagandamiza hapa?"

"Kidogo."

"Kazi gani ilikufanya hivi?"

"Useremala."

"Bado unafanya?"

"Bado. Makabati, nilikuwa nayachora kwenye kompyuta."

"Basi una mikono migumu kuliko mimi."

Akaenda nyuma akarudi na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na kitu kikubwa kama bakuli lililopinduliwa, na ubavuni kina mpira mdogo unaozungushwa kwa dole gumba. Chenyewe hakitembei. Mkono unalala juu, dole gumba linafanya kila kitu. Baba akaulaza mkono wake, na niliona mabega yake yanashuka. Hakuna cha kuponyoka, hakuna cha kunyanyua.

"Hiyo ndiyo ningempa baba yangu," dada akasema. "Hutachoka. Makabati utachora mpaka uote."

"Na vifaru?"

"Hapo mzee nisikudanganye. Utakuwa wa kupigwa."

La pili lilikuwa na mausi ndogo, nyembamba, si nyepesi wala nzito, mbavu zake zina raba. Dada akasema hii labda, lakini ina kazi. Baba akaishika, akaiachia, akaigeuza tumbo juu, akaisoma kama anasoma bawaba. Kisha akafanya kitu ambacho mimi na vidole vyangu vya kukunja nisingekiwaza. Kidole cha kati akakishusha kutoka juu, akakiweka ubavuni kulia, kibane pamoja na dole gumba. Akainyanyua. Haikudondoka.

"Sasa juu kimebaki kimoja," dada akasema. "Kitufe cha kulia atabonyeza nani?"

Baba akagusa vitufe vidogo vya ubavuni. "Hivi vya dole gumba, haviwezi kupewa hiyo kazi?"

"Vinaweza. Dakika moja tu kwenye kompyuta." Akaanza kutafuna tena. "Ila hicho kidole cha kati hakijazoea kubana, mzee. Kitakuuma wiki nzima. Chukua ya mpira, nakuambia kama mwanao."

Baba akaweka mkono kwenye ile ya mpira, akauacha pale kidogo. Kisha kwenye ile nyembamba. Akarudi kwenye ya mpira. Yule wa chaja alikuwa ameshasogea, naye anaangalia, hata hasubiri tena.

"Hii inanipumzisha," baba akasema. "Miezi mitano napumzika."

Akachukua nyembamba.

Jioni kaka aliisikia habari, akaja na kiti chake kuangalia. Tulipigwa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Baba alikuwa anasahau, anabonyeza kulia kwa kidole kisichokuwepo tena juu, mzinga unakaa kimya, adui anatumaliza.

"Kabonyeza hewa," kaka akasema.

"Wewe toka hapa," nikamwambia, na mama akauliza kutoka chumbani ni nani anamfokea mwenzake.

Mara ya nne tulikaa karibu dakika kumi. Nikakificha kifaru nyuma ya ghala, nikamwambia baba subiri, atatokea kulia, subiri, sasa. Akapiga mmoja. Mmoja tu, halafu wenzake wakatuzunguka, lakini yule alikwisha.

Baba akaachia mausi, akaukung'uta mkono. Kidole cha kati kilikuwa kimekakamaa, hakikunjuki.

"Hebu nisaidie hapa," akasema, na akanipa mkono.

Sikuwahi kuushika tangu ajali. Nikakikanda kile kidole kutoka kwenye shina kwenda juu, kama mama anavyomkanda mgongo, na pembeni yake dole langu likapita pale palipokatika, pana ngozi laini, ya moto. Nikasimamisha mkono.

"Hapo hapaumi," akasema. "Endelea tu."

Nikaendelea mpaka kidole kikakunjuka. Kaka alikuwa ameshaanza kusogeza kiti chake upande wa mausi, pole pole, akidhani tumemaliza. Baba akamrudisha kwa kiwiko, bila kumwangalia, akaniambia nishike kibodi.