Kibano cha Chuma

Saa nane mchana Profesa angetuma makala yetu kwenye jarida, na saa ilikuwa sita na nusu. Tulikuwa tumegundua sumaku katika tabaka lenye unene wa atomu moja. Humo elektroni, kila moja kama kisumaku kidogo, hazina pa kukimbilia. Zinabanana na kusukumana mpaka visumaku hivyo vyote vinaelekea upande mmoja. Kwa kawaida joto kidogo tu huvivuruga. Sumaku yetu ilidumu hata kwenye joto la chumbani. Jambo hilo ndilo lililotufanya tushangilie, na ndilo lililoninyima raha.

Nilipofungua picha za siku ya kuandaa sampuli, nikaona mkono wangu umeshika kibano cha chuma. Cha plastiki kilikuwa kimevunjika, nami nilikuwa na haraka. Vumbi la chuma lisiloonekana kwa macho linatosha kuidanganya mashine ya kupimia sumaku.

Nilikimbia kwa fundi wa mashine hiyo, inayofanya kazi kwenye baridi kali, ndiyo maana tulimwita Barafu.

"Kaka, nipimie hiki kigae cha silikoni. Kitupu, hakina tabaka. Nimekigusa tu na kibano cha chuma, kama siku ile ya sampuli."

"Dogo, unajichimbia kaburi mchana kweupe?"

"Nipimie tu."

"Haya. Ila usinililie hapa, mashine haipendi unyevu."

Mstari kwenye skrini ukilala, tumepona. Ukipanda, sumaku ni ya kibano, na miaka miwili ya Profesa imekwenda na maji, na shahada yangu pia.

Profesa akaingia, miwani kichwani. "Mwanangu, mbona umejificha huku? Njoo uhakiki majina ya waandishi."

Nilimweleza yote nikitazama sakafu. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, nikamsikia akipumua. Barafu alikuwa ameacha utani. Mstari ukatambaa, ukasitasita, kisha ukapanda, mwinuko uleule tuliokuwa tumeuchora kwenye makala.

"Rudia," alisema Profesa.

Tukarudia na kigae kingine kitupu, nacho nikakigusa na kibano. Ukapanda tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika tano.

"Nisamehe, Profesa. Ni mkono wangu."

"Na macho yangu. Picha hizo nilizipitia mara tatu." Alivuta kiti cha pili mbele ya kompyuta, akaifunga makala bila kuituma, akafungua barua mpya kwa wenzetu wa maabara nyingine, waliokuwa wamesikia matokeo na kutupongeza.

"Kaa," aliniambia. "Hii tunaiandika wawili."