Wakanteka

Beryl alikuwa akisoma ukurasa mara moja, basi. Mimi niliusoma mara tatu, nikaunakili kwenye daftari, kisha nikaandika siku na saa pembeni ili nijue nilichojua nilikijua lini. Kwa miaka mitatu tulisoma shahada ya sheria darasa moja, na kila matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwa juu na langu chini yake.

Sikuwa na sababu ya kumchukia, na sikumchukia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa mtu wa reli aliyehamia Mombasa kutoka Kisumu. Mimi nilikuwa na thelathini na sita. Kabla ya chuo nilifanya kazi ya kukagua karatasi za malori kwenye lango la ghala moja la Shimanzi, na sheria niliianzia pale pale langoni, kwa vitabu vikuukuu visivyo na majalada. Beryl aliniita Babu Kadenge. Darasa zima likafuata. Nilicheka pamoja nao, nikirudi nyumbani jina lile nakwenda nalo.

Mwaka wa tatu tulipelekwa sote wawili kufanya mafunzo kwa Wakili Naomi, ambaye ofisi yake iko Makadara, ghorofani, juu ya mkahawa wa viazi karai. Siku ya kwanza Wakili alituambia wazi kwamba mwisho wa mafunzo atabakisha mmoja, aendelee naye hadi amalize chuo na baada ya hapo. Nafasi nyingine kama ile sikuijua. Tangu siku hiyo nikawa najua mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hana haja ya kuyajua: mara ngapi Wakili amemwita Beryl tangu asubuhi, na mara ngapi ameniita mimi, kwamba faili yangu hurudishwa na neno "sawa", na yake hurudishwa na swali, kisha wanaketi kulijadili mpaka chai inapoa.

Jumanne moja alikuja Mzee Mzamil wa Mji wa Kale, mshona kofia. Jirani yake alikuwa amejenga ukuta katikati ya kichochoro, na mlango wa nyuma wa Mzee ukawa hauna pa kufungukia. Wakili alimpa Beryl kazi ya kuandika hati ya kiapo. Mimi nilipewa kupanga risiti za kesi nyingine, meza ya pili. Niliweza kusikia kila kitu.

"Nalikwenda kuwauliza kwa wema," Mzee alisema. "Wakanteka. Yule bwana na mafundi wake, wote."

Kalamu ya Beryl ilisimama. "Walikuteka?"

"Wakanteka."

"Kwa muda gani, Mzee?"

"Muda mwingi, mwanangu. Mpaka nikenda zangu."

"Uliogopa?"

"Hata. Naliona haya."

Hapo nikainua kichwa. Kwa watu wa Mvita, wenyeji wa Mombasa, kuteka ni kucheka. Herufi ni ile ile, ila ulimi hugusa meno. Kwetu Ganze, kwa lugha ya nyumbani, tunasema kutseka, ndiyo maana sikuhitaji kufikiri. Wale watu walimcheka mzee wa watu, naye akaona haya. Beryl aliinamisha kichwa, akaandika kwa Kiingereza, aya ya sita, kwamba jirani na mafundi wake walimteka nyara.

Sheria inataka anayeapa asomewe maneno yake kwa lugha anayoielewa. Beryl hakuruka hatua hiyo, hakuwa mvivu. Alimsomea Mzee rasimu yote kwa Kiswahili, na alipofika aya ya sita akasoma "wakaniteka". Mzee akaitikia kwa kichwa. Alisikia ulimi wa mtu wa bara, akausamehe, akachukua maana yake mwenyewe. Kila mmoja alimwelewa mwenzake vizuri sana.

Nilifungua daftari nikaandika. Kisha nikalifunga.

Nimezoea kujisifu kwamba sina haraka ya kumhukumu mtu. Siku zile tatu niliutumia uzuri wangu huo vibaya. Nilijiambia huenda Mzee alimaanisha kweli kutekwa. Nilijiambia hati si yangu, na kwamba mtu asiyeulizwa hajibu swali la mwenziwe. Chini ya hayo yote palikuwa na picha moja: Beryl amesimama mbele ya Wakili, kosa lake liko mezani. Jumatano Wakili aliisoma rasimu, akasema jambo hili kumbe ni zito kuliko alivyodhani, akampongeza kwa kulichimbua. Alhamisi Beryl aliniletea maandazi kutoka mkahawa wa chini. "Kula, Babu, umekonda kwa mawazo." Nikayala.

Ijumaa asubuhi Mzee Mzamil alikuja apelekwe kwa kamishna wa viapo. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi na kofia aliyoishona mwenyewe, akaketi karibu nami. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu azaliwe hajapata kuweka mkono juu ya msahafu akaapa. Baba yake pia hakupata. Jana yake alifunga, ili leo ulimi wake uwe safi.

Nilisimama nikachukua daftari, nikaingia kwa Wakili. Nilimweleza neno lile, na maana yake Mvita, na maana yake kwetu. Ili aamini sikuyatunga, nikamfungulia ukurasa. Sikuwahi kumwonyesha mtu hoja bila maandishi.

Wakili alisoma. Kisha akaligeuza daftari lielekee kwangu, akaweka kidole pembeni, mahali nilipoandika kwa mwandiko wangu mzuri: Jumanne, saa nne na robo.

"Leo ni siku gani, Kadenge?"

"Ijumaa."

Alinirudishia daftari. "Angeapa," alisema. "Na upande wa pili wangemwita mwongo mahakamani, mzee yule." Alimwita Beryl, akamwambia aya ya sita ina kosa la lugha na kwamba Kadenge ameliona. Siku ya kuliona hakuitaja, wala siku ile wala baadaye.

Beryl alitoka akamwomba Mzee radhi mbele yetu sote. Mzee akaelezwa. "Kumbe nalikuwa mateka," alisema, "na mke wangu hana habari." Beryl alicheka hadi akafuta machozi; akajicheka mwenyewe, bila kificho, na Mzee akazidi kumpenda. Hati iliandikwa upya, na Mzee akaapa kwa yale aliyoyasema.

Mwisho wa mafunzo Wakili alimbakisha Beryl. Kwangu aliandika barua nzuri ya kweli, iliyosema mimi ni makini na mwenye mpangilio. Niliisoma mara tatu kutafuta neno mwaminifu.

Siku ya mwisho Beryl alinisindikiza hadi chini. Alisema hatasahau kwamba nilimwokoa, na kwamba mtu mwingine, penye nafasi moja tu, angenyamaza. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa ndani ya mkoba, lina siku na saa. Nikamwambia si kitu.

"Lakini nifundishe lile neno," alisema. "Nisije nikamteka mzee mwingine."

Nilimwonyesha, pale mlangoni pa mkahawa: ncha ya ulimi kwenye meno ya juu, taratibu, usiisukume. Mimi mwenyewe, niliposhuka Mombasa na ulimi wangu wa Ganze, lilinichukua miezi kulitamka wenyeji wasigeuke kunitazama.

Beryl alilipata alipojaribu mara ya pili.