Kituo cha Kumi na Nne

Tarehe tisa Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, Symphorien alisoma kipimo cha mvua nyuma ya nyumba yake ya Dilala, akaandika: milimita nne. Masika yalikuwa yanaaga. Akaandika pia kwamba keremkerem walikuwa wamepita juu wakielekea kaskazini, na kwamba kumbikumbi hawakuonekana tena tangu katikati ya Machi. Kisha mke wake Laurentine akamwita kutoka chumbani, akamwambia aje na lenzi.

Kwenye mkono wa kushoto wa Laurentine, kati ya kiwiko na kiganja, ilikuwa imeota miche mitatu.

Symphorien aliinama, akageuza jani moja kwa ncha ya kalamu, akanusa. Lilikuwa na harufu ya mnanaa.

"Hii njo fleur ya shaba," alisema. "Inauma?"

"Hapana. Inakwaruza tu kama minavala bluzi."

Akaipima kwa rula. Sentimita mbili, mbili na nusu, moja. Akaandika.

Symphorien alikuwa amefundisha biolojia miaka ishirini na sita, na alipostaafu alibaki na daftari zake. Kila msimu ulikuwa humo: siku matunda ya masuku yalipoiva, siku viwavi walipoonekana mtini, siku mbayuwayu walipofika. Ukizisoma kwa mfululizo unapata huzuni, kwa sababu safu zinazidi kupungua. Vyura wa mto wa Mutoshi mwaka 1998 waliandikwa "wengi mno". Mwaka 2009 waliandikwa "watatu". Baada ya hapo ni vistari tu. Ua la shaba peke yake ndilo halikumwangusha. Aliwafundisha wanafunzi wote kwamba ukiliona ua hilo dogo la buluu, basi chini yake kuna shaba, na kwamba watu wa zamani walijua pa kuchimba kwa kulifuata, kama mgeni anavyofuata moshi hadi jikoni.

Shaba ya Laurentine haikuwa fumbo. Katika miaka ile shule ilipokuwa na chaki bila mishahara, yeye ndiye aliyeilisha nyumba. Miaka tisa alisimama ndani ya maji pale Mutoshi pamoja na wanawake wenzake, yakimfika kiunoni, akiosha mawe ya wachimbaji. Katika miaka hiyohiyo Symphorien alikuwa juu kidogo ya mto, mahali pakavu, akihesabu vyura. Tuseme ukweli: mto ulikuwa mmoja, huyu akiandika, yule akiloa.

Mwezi wa tano maua yalifunguka. Nyuki waliingia dirishani kila siku saa nne, wakatoka saa sita. Jirani yao, Mama Mbombo, alipita kurudisha ungo, akautazama mkono.

"Ya mama mudogo wangu ilitokaka ku magoti," alisema. "Usiikate, mama. Ukikata, inarudia na nguvu."

Akaomba chumvi kidogo, akaenda zake.

Wiki hiyo ilifika habari kutoka Kabongo. Mama yake Laurentine, Mama Kabemba, alikuwa amevimba miguu, hali chakula tena, na aliuliza asubuhi na jioni binti yake wa kwanza anafika lini. Laurentine akaanza kupanga mfuko. Alitaka kitu kimoja tu, kumkuta mama yake angali na pumzi.

Symphorien naye, kabla ya safari, alikuwa na fomu ya mwezi ya kujaza. Kampuni iliyokuwa na kibali cha kuchimba eneo lile ilitakiwa kuonyesha kwamba inafuatilia mimea na wanyama, na kwa kuwa haikuwa na mtu wa kufanya hivyo, ilichukua fomu za Symphorien. Alikuwa na vituo kumi na vitatu: mto, kilima, makaburi, ukingo wa mabwawa ya Kingamyambo na vingine. Angeweza kunyamaza. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kuona mmea akaacha kuuandika, na huu, tusifiche, ulimpa fahari, kwa sababu hakuna aliyewahi kuupima kwenye udongo wa namna hiyo. Kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni akaandika: Kituo cha 14, Laurentine, chumba cha kulala, mashina saba, dalili ya shaba ni dhahiri.

Siku nne baadaye alikuja Dimitri, afisa mazingira wa kampuni, aliyekuwa mwanafunzi wake. Alivua viatu mlangoni, akasalimia vizuri, akapima mkono, akachukua jani moja, akalitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwalimu, kibali inafunika Dilala yote," alisema. "Kila fasi shaba iko, ni ya kampuni. Na fasi maua iko, shaba iko. Njo wewe ulitufundisha."

"Huyu ni bibi yangu."

"Minajua, Mwalimu. Hatutamuchimba. Lakini asitoke mu périmètre ya kibali."

Akamfunga Laurentine kwenye kifundo cha mkono kibati kidogo chenye namba 14. Laurentine aliuliza kama kinaweza kulowa. Dimitri akasema hakina shida na maji.

Walisafiri hata hivyo, mwanzoni mwa Juni, asubuhi ya baridi, ndani ya basi la kwenda Bukama, njia ya Kabongo. Kwenye kizuizi cha barabarani mkaguzi wa madini aliingia, akapita kati ya viti, akasoma kibati.

"Mama, shuka. Jiwe haiende bila karatasi."

"Mi si jiwe, tata. Mama yangu anakufa."

"Pole sana, mama. Lakini unaona namba."

Symphorien akasimama. Akatoa daftari lake kuonyesha kwamba huyu ni mtu mwenye damu, ameolewa kanisani, ana homa za kila Februari, na zote zimeandikwa. Mkaguzi alilisoma kwa makini, ukurasa baada ya ukurasa, hadi akafika mahali palipoandikwa kituo cha kumi na nne, dalili ya shaba ni dhahiri. Akamgeuzia daftari na kuweka kidole pale.

"Nani aliandika hii?"

Abiria waliguna kwa kucheleweshwa. Symphorien akateremsha mifuko. Alijichukia pale barabarani, alijichukia hasa, na hakukuwa na safu ya kuandika jambo hilo.

Mama Kabemba alizikwa tarehe ishirini na mbili Juni. Laurentine aliomboleza Dilala, kwenye mkeka uani, wanawake wa mtaa wakimzunguka. Maua yalikuwa yamekauka, na kila alipoinua mkono kufuta machozi mbegu zilimwangukia begani. Hakumlaumu mumewe. Aliacha tu kumwita aje na lenzi.

Mvua za kwanza zilishuka Oktoba. Kabla ya mwezi wa kumi na moja kwisha, miche ilikuwa imefika begani na shingoni. Symphorien alijaza vituo kumi na vitatu, mstari wa kumi na nne akauacha mtupu, akapeleka fomu. Kesho yake Dimitri aliirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwalimu, umesahau mustari moja. Na rapport ya mwaka inaukosa."

"Sikusahau."

"Ni mustari ya muzuri, Mwalimu." Dimitri alikuwa anasema kwa moyo safi. "Fasi zingine zote, bitu binapunguka. Hapa tu njo binaongezeka. Bakubwa banataka kuonyesha kama nature inarudia."

Laurentine alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alivuta kiti, akakaa kwenye mwanga, akateremsha bluzi begani.

"Pima," alimwambia mumewe. "Huyu hataenda bila kuandika, na mi nina sahani ya kusafisha."

Akapima. Mashina arobaini na moja, refu kuliko yote sentimita sita, nyuki hakuna. Dimitri alisubiri wino ukauke, akakunja fomu, akashukuru.