Dawa Ndani ya Uji

Njenga alianguka katikati ya magunia yake ya viazi pale sokoni Mamboleo, asubuhi, akiwa anabishana na mteja. Kwanza mkono wa kulia ulilegea, kisha mdomo ukapinda, kisha maneno yakamwishia, yeye ambaye tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumnyamazisha. Wafanyabiashara wenzake wakampakia kwenye gari la jirani, na kabla jua halijawa kali alikuwa hospitalini, amelazwa chali. Mkewe Waithira alikuwa amemshika mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Binti yao Valerie alisimama miguuni pa kitanda.

Daktari Naswa, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alirudi akiwa ameshaiona picha ya kichwa. Ni kiharusi, akasema, lakini hakuna damu iliyomwagika ubongoni. Donge la damu ndilo lililoziba mshipa.

"Mmemleta mapema, hiyo ni nzuri. Iko dawa ya kuyeyusha hilo donge, lakini si ya kila mtu. Mzee anatumia dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi?"

"Alikuwa anatumia, juu moyo yake inapiga vibaya," Valerie akajibu haraka. "Lakini aliacha mwaka jana. Kabisa, daktari. Hata alishuhudia kanisani."

Kweli alishuhudia. Njenga alisimama mbele ya waumini, akainua kopo la vidonge juu, akatangaza kwamba Mungu amemponya na kopo lile si lake tena. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Waithira naye akapiga, maana angefanya nini, azomee? Kesho yake akaliokota kopo kwenye taka, akasaga kidonge kwa kitako cha glasi, akakikoroga kwenye uji wa wimbi. Tangu siku hiyo Njenga alimeza dawa kila asubuhi bila kujua, akimsifu Mungu huku akiomba aongezewe uji. Kopo likiisha, Waithira ananunua jingine. Wahenga walimwonya mficha maradhi. Mficha dawa hawakumsemea neno, na mama huyu akajiona amewapiga chenga.

Mpaka juma lililopita. Alikwenda Ahero kwenye matanga ya rafiki yake, mito ikafurika, barabara ikakatika, akakwama huko siku kadhaa huku mumewe akijipikia chai. Aliporudi, roho haikutulia. Dawa ilikuwa imekatika! Basi akaona afidie, kama mtu aliyesahau kutia chumvi kwenye mboga. Akatia vidonge viwili, kisha vitatu. Asubuhi hiyo vilikuwa vitatu.

"Una hakika hatumii?" daktari akauliza tena. "Kama anatumia na nimchome hii, damu inaweza kumwagika ndani ya kichwa, na hiyo hatutaweza kuisimamisha."

Njenga mwenyewe akatikisa kichwa juu ya mto. Hatumii. Hata sasa, mdomo ukiwa umepinda, aliutetea ushuhuda wake.

Muuguzi Jentrix alikuwa ameanza kuandaa sindano. Waithira aliitazama. Akisema, mumewe atanyimwa dawa ya kumrudishia mkono na maneno yake. Akinyamaza, huenda dawa hiyo ikamuua mbele ya macho yake. Na akisema, Njenga atasikia. Hilo nalo lilimtisha, akaona haya kwamba linamtisha saa kama ile. Jentrix akaushika mkono wa mgonjwa, akatafuta mshipa.

"Ngoja!" Waithira hakuitambua sauti yake. "Anakunywa. Mimi humpea kwa uji. Hajui."

"Mum, unasema nini?" Valerie akashtuka.

"Leo nimeweka tatu."

"Jentrix, weka hiyo chini," daktari akasema, na ule upole ukawa umekwisha. "Nani anampima damu? Hiyo dawa mtu hupimwa damu kila mara!"

Hakuna aliyekuwa akimpima. Ungempimaje mtu aliyepona?

Damu ikachukuliwa, wakangoja. Waithira aliomba, lakini hakujua aombe jibu lipi. Daktari aliporudi, alimwita kando.

"Damu yake ni nyepesi kupita kiasi. Ningemchoma, Mama, pengine sasa hivi tungekuwa tunamfunika. Lakini donge siwezi kuligusa tena. Hiyo dawa ya uji tunaisimamisha. Kama ataanza tena, ni baada ya siku kadhaa, ubongo ukitulia, kwa kipimo, na yeye mwenyewe akikubali."

"Na mkono? Na kuongea?"

"Tutangoja. Siwezi kukudanganya."

Waithira akarudi kitandani. Alikuwa amemwokoa mumewe na kifo alichompikia mwenyewe. Akaushika tena ule mkono wa kushoto. Njenga akauchomoa mkononi mwa mkewe, polepole, akauweka kifuani pake.

"Baba Valerie, niliogopa utakufa," akasema. "Niliogopa tu."

Macho ya Njenga yalikuwa ukutani.

Jentrix akaja na maji na kijiko, ajaribu kama mgonjwa anaweza kumeza. Njenga akakitazama kijiko, akamtazama mkewe, akafunga mdomo.

"Ni maji tu, mzee."

Mdomo ukabaki umefungwa. Waithira akaomba kijiko, akanywa yale maji yeye kwanza, mbele ya macho yake. Njenga alimtazama akimeza mpaka mwisho. Hakufungua.

"Mama, hebu toka nje kidogo," Jentrix akamwambia taratibu.

Alitoka, akasimama nyuma ya pazia, mikono kichwani, akitega sikio. Kisha akasikia sauti ya Jentrix.

"Eeh, hapo sawa, mzee. Umemeza vizuri. Haya, kingine."