Joto la Baba Amal

Adila alikuwa akikamua maziwa kwenye kikombe cha plastiki, kaegemea ukuta wa wodi ya watoto njiti, mashine ya joto ilipozimika. Umeme ulikuwepo, feni iliendelea kuzunguka. Muuguzi, Sista Mwaija, aliipiga mashine kofi ubavuni. Haikuwaka.

"Fundi ameshapigiwa, anatoka Dar," alisema. "Kwa sasa kila mama amweke mwanawe kifuani."

Adila alikuwa bado anatetemeka tangu upasuaji, kwa hiyo akaitwa mumewe, Mikdad, fundi cherehani wa Dunda. Alivuliwa shati, akakalishwa kitini, akawekewa Amal, binti yao, mwenye mpira puani na unyayo usiozidi kidole gumba.

Kufikia alasiri mwili wa Mikdad ulikuwa wa moto. Haikuwa homa. Uji alioushika mkononi ulichemka. Sista Mwaija alimpima Amal, akakuta joto lake sawasawa.

"Usiinuke hapo, baba Amal," alisema, akamletea watoto wengine wawili.

Siku zikaenda. Kina mama walianika nepi kwenye mgongo wa kiti chake, zikakauka upesi. Mikdad alilishwa kwa kijiko, akaswali amekaa. Siku moja alikwenda Dunda kumalizia gauni la bibi harusi. Kiganja chake kikaacha alama ya kuungua kwenye satini. Akarudi wodini.

Msimamizi wa hospitali alikuja na wageni. Alinyoosha mikono karibu na Mikdad kama mtu anayeota moto, akaridhika.

"Hapa basi hakuna tatizo tena," alisema. Fundi, aliyekuwa hatimaye amefika Bunju njiani, akaambiwa ageuze.

Ijumaa moja Mikdad alitoka kuoga na kwenda msikitini. Aliporudi, Mosi, mama wa mmoja wa watoto aliokuwa akiwapa joto, alikuwa akimviringisha mwanawe kwenye kanga. Mtoto alikuwa amepoa, hapumui tena.

Mikdad alisimama mlangoni, maji yakifuka mvuke kwenye nywele zake.

"Pole na uchovu, kaka," Mosi alimwambia.

Hakuna aliyemlaumu. Tangu hapo hakutoka tena.

Amal aliongezeka uzito, akajua kunyonya, akaruhusiwa. Adila alifunga vyombo, akaita bajaji ya kuwapeleka nyumbani Mlingotini.

"Twende, baba Amal."

Mikdad aliwatazama watoto waliomlalia kifuani. "Nikiondoka hawa watakaa na nani?"

"Kwani wewe ni kifaa cha hospitali?"

Sista Mwaija alitazama sakafu. Dereva akapiga honi, akapiga tena. Mwishowe Adila akamwinamisha Amal ili baba yake ambusu utosini, akatoka bila kuaga.

"Mfunike masikio, kuna upepo!" Mikdad alipaza sauti.

Bajaji ilikuwa imeshaondoka. Sista Mwaija akaingia na mtoto aliyeletwa kutoka Miono, mweusi midomo kwa baridi. Mikdad akasogeza kiwiko kumpisha.